Babu Saba wa Mchumba Wangu Mzungu

Viatu vya baba yangu vilikuwa mlangoni kwa mwanamke mwingine!

Sisemi vinavyofanana. Vilevile! Vya kahawia, vya kanisani, nilivyomnunulia mimi mwenyewe. Kimoja kina kamba nyeusi, kingine ya kahawia, kwa sababu mzee wangu hajui kutupa kitu.

Na mimi nilikuwa nimeendesha gari kutoka Columbus mpaka Buffalo, peke yangu, theluji njia nzima, kuja kuvikuta pale.

Nikagonga.

Akafungua mama mmoja mtu mzima, kitenge kiunoni, sweta juu. Akaniangalia usoni... akaziba mdomo kwa mkono... akaanza kulia!

Jamani! Nyumba ndogo ndiyo inalia? Mimi je?

"Nani huyo, Agata?"

Sauti ya baba yangu. Kutoka ndani!

Ngojeni. Mkinisikiliza kuanzia hapa mtamhukumu mtu bure, kama nilivyofanya mimi. Nianze mwanzo.

Naitwa Isaro. Sisi ni Banyamulenge, watu wa milima ya Kivu Kusini, na sasa tunakaa Whitehall, hapa Columbus. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Gahanna. Baba yangu, mzee Mutware, alibeba maboksi kwenye ghala mpaka mgongo ukamkatalia. Mama yangu anaitwa Rakeli. Kaka yangu mkubwa ni Olivier. Hao watatu nilidhani nawajua mpaka ndani ya mifupa.

Mchumba wangu ni Wesley Harlow. Mzungu wa Louisville, fundi wa lifti. Lifti yetu kazini ilikuwa inaharibika sana, na baadaye nikaanza kushuku kuna mtu anaiharibu makusudi ili aitwe. Kiswahili chake ni cha kanisani tu. Akiingia kwetu anasema "Bwana asifiwe!" hata kama watu wako katikati ya ugali.

Nilipompeleka nyumbani, baba alimtazama kwa muda mrefu, halafu akanigeukia na Kiswahili chake cha Kivu, chenye Kifaransa ndani.

"Bon. Huyu kijana ana babu?"

"Papa, kila mtu ana babu."

"Nataka saba. Kwa majina. Siku ya posa, mukubwa wake asimame awataje mbele ya watu."

Kwenye ukoo wetu ndivyo ilivyo. Upande wa kijana unataja babu zake, kisha baba wa msichana anasimama na kutaja wa binti yake. Wazee wanasikiliza kama damu zinakutana mahali. Zisipokutana, ndipo watu wanaanza kuongea habari ya ng'ombe wa mahari.

Nikacheka. "Papa, damu yangu na ya Wesley zikutane wapi? Uwanja wa ndege?"

Hakucheka.

"Saba."

Hapo ndipo roho yangu ilianza kuniuma. Binti wa mdogo wake aliolewa mwaka juzi, wakatosheka na wanne. Mimi mbona saba? Na mbona akilitamka lile neno anaangalia chini?

Nikasema, hapa kuna kitu. Mzee hataki hii ndoa.

Wesley, maskini wa Mungu, yeye alifurahi! "Saba? Shangazi yangu anao wote!"

Tukaenda Louisville.

Shangazi Darlene alikuwa dereva wa basi la shule, sasa amestaafu. Mama wa sigara na kicheko kikubwa. Toka mumewe afariki, kazi yake ni moja tu: kuufuatilia ukoo wa Harlow. Ameuliza wazee, amepanda vilima, amegombana na wenye mashamba ili aingie kuona makaburi.

Alitupeleka nyuma ya duka moja la matairi. Nyuma kabisa, kwenye magugu. Kumbe pale kuna makaburi ya wazungu wa kwanza kabisa kufika!

Akamwaga maji kwenye jiwe, akasugua kwa brashi, herufi zikatokea.

"Hawa waliteremka Mto Ohio kwenye mashua ya mbao, bapa kama meza," akasema. "Ng'ombe, watoto, mbegu, wote humo. Louisville nzima ilikuwa ngome moja ya magogo."

"Na ardhi ilikuwa ya nani?" nikauliza. Sisi watu wa Kivu hatuwezi kuacha kuuliza hilo.

Akavuta sigara.

"Ilikuwa na wenyewe. Hilo nalo lazima lisemwe."

Nikampenda hapohapo.

Akaanza kuhesabu akinionyesha mawe. Baba yake Wesley, marehemu Dale. Dale wa Raymond. Raymond wa Clyde. Clyde wa Elbert. Elbert wa Thomas. Thomas wa Silas. Silas wa Abner.

Saba! Nilitaka kuruka.

Lakini macho yangu haya... Wale Harlow wa zamani walilala pamoja kwenye mstari, kuanzia Josiah, yule wa kwanza aliyekuja na mashua. Abner yeye alikuwa kule pembeni, karibu na uzio, peke yake.

"Mbona huyu ametengwa?"

Wesley akamtazama shangazi. Shangazi akamtazama Wesley.

"Semeni!"

"Abner hakuwa damu ya Josiah," shangazi akasema. "Josiah alikuta mashua imekwama kwenye matope ya mto. Watu wote ndani wamekufa kwa homa. Mtoto mmoja tu ndiye alikuwa hai, chini ya ngozi ya ng'ombe. Akamchukua, akampa jina lake. Kwao ni wapi, baba yake ni nani, hakuna anayejua mpaka leo. Kaburi aliomba mwenyewe liwe pale, lielekee mtoni."

Wapendwa!

Babu wa saba... kwao hakujulikani! Baba anatafuta sababu ya kukataa, na sababu ndiyo hii, imekaa kwenye uzio inamsubiri!

"Shangazi, nakuomba. Siku ile sema tu alikuwa mtoto wa Josiah."

Akazima sigara kwenye kiatu.

"Binti, nimemtafutia huyu mtoto wazazi wake kwa miaka na sijawapata. Sasa nimbandike wa uongo?"

Wesley naye akatikisa kichwa. Wawili wameniacha kwenye mataa!

Bon. Nilikuwa na mpango mwingine. Shangazi hajui Kiswahili, na wazee wetu Kiingereza chao ni cha kazini. Mtafsiri wa siku ile ni Olivier, kaka yangu wa damu. Nikamfuata.

"Kaka, akifika kwenye habari ya mashua, wewe sema 'Abner alizaliwa na Josiah.' Basi. Nani atajua?"

Olivier aliacha kutafuna.

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui, Isaro."

Kisha akasema, "Sawa. Nitatafsiri." Lakini ile sauti haikunipendeza hata kidogo.

Wiki ileile, natoka zamu mchana, namkuta baba amekaa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya nyumbani. Kioo kiko wazi kidogo. Anaongea na simu.

"Agata, Isaro asijue. Kabla ya posa asijue... Ndiyo. Nakuja Alhamisi, tumalizie."

Tumalizie NINI?!

Alhamisi asubuhi akasema anaenda Buffalo kwa basi kumsalimia ndugu wa kanisa. Na mama yangu, maskini, anamfungashia unga wa muhogo na sombe, yaani kisamvu! Mke anamfungashia mumewe chakula cha nyumba ndogo! Machozi yalinilenga.

Ile simu ya baba nilimwekea mimi, na kile kitu cha kuonyesha alipo nikakiwasha ili asipotee mjini. Basi lake likaondoka, na mimi nikawasha gari.

Sasa turudi mlangoni.

Nilimpita yule Agata anayelia, nikaingia. Baba yangu alikuwa mezani, soksi tu miguuni. Chakula hakikuwepo. Kulikuwa na maharagwe makavu yamepangwa kwenye mstari, sita, na moja limewekwa kando peke yake.

Aliponiona, akayafagia yote kwa kiganja, akayatia mfukoni.

Nani anaficha maharagwe, jamani?

"Isaro! Nani alikutuma huku?"

"Na wewe papa, nani alikutuma?"

Toka nizaliwe sijawahi kumjibu baba yangu hivyo.

Agata akasema kitu kwa Mashi, lugha ya Bashi, kabila jirani na letu, wa kule Walungu. Sikuelewa hata neno. Na baba yangu akamjibu, kwa Mashi hiyohiyo, bila kukwama! Miaka yote hiyo sikujua kwamba baba anaijua hiyo lugha.

"Huyu ni nani kwako, papa?"

"Si vile unafikiri."

"Basi ni vipi?"

Akaenda kuvaa viatu.

Tulirudi kwenye gari moja. Kutoka Buffalo mpaka Columbus baba yangu alisema neno moja tu: "Punguza." Nilikuwa naendesha kwa hasira.

Kufika tu, moja kwa moja jikoni kwa mama. Bora nimvunje moyo mimi kuliko watu wa kanisa.

"Mama, kaa chini. Papa ana mwanamke Buffalo."

"Agata?" Mama hata hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Ule unga ulimufikia?"

Nilishika ukuta.

Anajua! Mama anajua, Olivier anajua, wote wanajua! Kuna jambo linapikwa katika nyumba hii na mimi ndiye nyama!

Usiku huo nikapiga hesabu yangu. Agata lazima ana mtoto wa kiume. Wamekubaliana zamani, labda ng'ombe walishatoka. Ndiyo maana babu saba, ndiyo maana "tumalizie." Wanamsubiri Wesley ajikwae, wanipeleke Buffalo.

Msinicheke. Wewe ungewaza nini?

Siku ya posa ikafika. Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa tuliokodi Reynoldsburg. Bibi harusi haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe, kwa hiyo nilikuwa jikoni, nachungulia kwenye lile dirisha la kupitishia sahani.

Wesley alikaa mbele na suti, jasho linamtoka kwenye masikio. Upande wetu alikuwepo mzee Marcellin, msemaji wa ukoo, mtu mwenye fimbo na mdomo mkali. Baba yangu alikaa kando yake, mkono mmoja mfukoni.

Na nyuma kabisa, kwenye viti vya mwisho... Agata! Na kitenge kipya!

Nikasema leo ni leo.

Shangazi Darlene akasimama. Akataja mmoja mmoja, Olivier anatafsiri, wazee wanaitikia kwa vichwa. Dale. Raymond. Clyde. Mzungu mwenye babu, watu wakaanza kutabasamu! Elbert. Thomas. Silas.

"Na Silas wa Abner," shangazi akasema. Kisha akaieleza yote. Mashua, homa, ngozi ya ng'ombe, mtoto.

Nikamkazia Olivier macho kupitia dirisha. Sema alizaliwa... Sema tu alizaliwa...

Olivier hakunitazama mimi. Akamtazama baba.

"Anasema huyu Abner hakuzaliwa na Josiah. Aliokotwa. Wazazi wake walikufa njiani, na kwao hakujulikani."

Kaka yangu mwenyewe! Amenichinja!

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mzee Marcellin akagonga fimbo.

"Donc, huyu babu wa saba hana kwao? Mutware, tunampa mutoto kwa mutu gani sasa?"

Nikasema kwisha. Baba amepata alichokuwa anakitafuta.

Baba yangu akasimama taratibu.

"Olivier, muulize huyu mama. Ule mutoto wa mashua, walimuficha ukweli?"

Olivier akatafsiri. Shangazi Darlene akashangaa swali.

"Kumficha? Hapana. Josiah alimwambia angali mdogo kabisa, alimpeleka hadi pale mtoni akamwonyesha. Wangemficha, mimi ningejuaje leo?"

"Na yeye alifanya nini?"

"Alikaa. Alimzika Josiah kwa mikono yake."

Baba akabaki amesimama. Kisha akageuka kwenye dirisha la jikoni, kama vile alijua wakati wote kwamba niko pale.

"Isaro. Toka huko."

Watu wakashtuka. Msichana haitwi kabla ya mambo kuisha! Nikatoka na aproni, mikono ina mafuta ya sambusa.

Baba akatoa mkono mfukoni. Maharagwe yale! Akaanza kuyapanga juu ya meza ya wazee, moja moja.

"Isaro, binti ya Cubaka. Cubaka wa Birindwa. Birindwa wa Nshombo. Nshombo wa Mugaruka..."

"Mutware!" Mzee Marcellin alinyanyuka. "Unataja babu za nani? Hao si babu zako! Hao ni Bashi!"

"Ndiyo. Si wangu. Ni wa mutoto."

Mungu wangu.

Nilisikia vizuri, lakini kichwa kilikataa kupokea. Nikamtazama mama. Analia. Nikamtazama Olivier. Anaangalia viatu vyake.

"Mugaruka wa Chirhuza," baba akaendelea. "Chirhuza wa Lwaboshi."

Maharagwe sita. Mkononi likabaki moja.

"Cubaka alikuwa mufanyabiashara wa ng'ombe, rafiki yangu," akasema, na sasa alikuwa anaongea na mimi tu. "Vita ilipokuja, watu wenye bunduki walinitafuta. Alinificha kwake, mimi, Rakeli na Olivier. Wakamuuliza. Akasema hajatuona. Walimuua pale mulangoni kwake, na tulikuwa ndani tunasikia. Muke wake alitoka na sisi, wewe mugongoni. Hakuvuka mupaka, alikufa njiani. Kule kambi ya wakimbizi tulikuandika mutoto wa kwetu."

Akanyoosha mkono kuelekea viti vya nyuma.

"Agata ni dada ya Cubaka. Nilisikia yuko Buffalo kupitia watu wa kanisa. Nikaenda kuomba majina. Sikutaka usimame siku yako na babu za kuazima. Ndiyo maana niliomba huyu kijana saba. Nilitaka muda, Isaro. Nilikuwa natafuta wako."

"Kwa nini hukuniambia?!" Nilipiga kelele mbele ya wazee wote. Nilikuwa na hasira, siwadanganyi. Mtu mzima, na maisha yangu yote nimekaa kwenye ukoo ambao si wangu!

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Siku nikikukatalia kitu, useme: wewe si baba yangu." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Leo asubuhi nilikuja na haya maharagwe mufukoni na babu zangu mimi kichwani. Sikujua nitataja wa nani. Mupaka huyu mama aliposema walimwambia ule mutoto, na alibaki."

Agata alikuwa ameshafika mbele. Akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema kitu kwa Mashi. Olivier, kumbe naye anaijua, akanitafsiria sikioni, na sauti yake haikuwa sawa: "Anasema una uso wa kaka yake. Ile siku ulipogonga, alidhani Cubaka amerudi."

Na mimi nilikuwa nimemwita nyumba ndogo!

Mzee Marcellin akakohoa. Hata yeye macho yalikuwa mekundu, lakini kazi ni kazi.

"Mutware. Hao ni sita. Wa saba?"

Baba akafungua kiganja. Lile haragwe la mwisho.

"Agata hakumbuki jina lake. Tumepiga simu mupaka Walungu. Waliomujua walikufa. Wa saba wa Isaro hajulikani." Akamtazama Wesley. "Wa saba wa huyu naye, kwao hakujulikani. Donc, nani atamukataa mwenzake?"

Watu wakacheka huku wanalia. Wesley, ambaye alikuwa haelewi kitu, akaona watu wanacheka, akasimama akasema: "Bwana asifiwe!"

"Na ng'ombe," baba akamaliza, "zote ni za Agata. Ni mahari ya mutoto wa Cubaka. Mimi sichukui hata kwato."

Na mimi nilimdhania ameshakula ng'ombe wangu kwa siri!

Nikanyoosha mkono, nikalichukua lile haragwe lisilo na jina kutoka kwenye kiganja chake. Nikaenda mpaka mwanzo wa mstari, nikaliweka mbele ya Cubaka.

"Mzee Marcellin, umehesabu vibaya," nikasema. "Wako saba. Huyu wa kwanza anaitwa Mutware."

Baba yangu akakaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaweka kichwa juu ya meza, katikati ya maharagwe yangu, akalia kwa sauti.

Tulifunga ndoa mwezi wa tano. Shangazi Darlene alicheza mpaka kiatu kikakatika. Hasira yangu haijaisha yote, nawaambia ukweli. Kuna asubuhi naamka nayo. Lakini kila nikienda Buffalo kumsalimia shangazi Agata, baba anakaa kiti cha mbele, na unga wa mama uko nyuma.

Funzo? Mzazi mwenye siri ya mtoto, mwambie angali mdogo, atabaki. Na wewe mtoto mwenye hasira za haraka kama zangu, muulize mzee wako kabla hujawasha gari.

Sasa wewe unayesoma, taja babu zako saba hapo chini kwenye maoni. Ukikwama, weka jina la aliyekulisha.